Somo: Maktaba inunue DVD au Blu-ray?

Blu-ray ni diski ya filamu kama DVD, ila picha yake ni kali zaidi. Kabla hujamuagizia mtu diski za maktaba ya skuli au ya mtaa, fuata haya.

1. Anza na deki. Waulize wanachama wana deki gani nyumbani. Wengi watakwambia DVD. Deki ya DVD haisomi Blu-ray kabisa, ya Blu-ray inasoma zote mbili. Basi DVD kwanza. Ukikuta kasha moja lina diski za aina zote mbili, chukua hilo.

2. Tazama namba ya eneo, yaani namba inayoonyesha diski imetengenezwa kwa nchi zipi. Hapa ndipo pesa zinapopotea. Nyuma ya kasha la DVD pana kidunia kidogo chenye namba ndani. Sisi Tanzania ni 5, sawa na India. Uingereza ni 2, Marekani 1. Diski ya London ukiitia kwenye deki iliyofungwa eneo 5, inaitema. Blu-ray hutumia herufi, na huko mambo yamegeuka: sisi ni B pamoja na Uingereza, India ni C. Kwa hiyo jamaa akienda Mumbai akuletee DVD, akienda London akuletee Blu-ray. DVD yenye 0 au ALL inapiga popote.

3. Blu-ray ya 4K, ile ya picha kali zaidi ya zote, iacheni. Inataka deki yake, na bila TV ya 4K faida yake huioni.

4. Pindua DVD. Ya kiwandani hung'aa fedha au dhahabu; iliyochomwa mtaani aghalabu ina uzambarau, na joto letu hailiwezi. Tena maktaba kupiga muhuri wake juu ya diski ya wizi, jamani!

Masuali

Assalaam alaykum maalim. Hapa Chake tuna VCD nyingi za taarab, zile diski za video za kabla ya DVD. Tutupe?

Waalaykum salaam. Msitupe hata moja, deki nyingi za DVD zinazisoma. Ombeni ruhusa kwa wenyewe, mzinakili kabla unyevu haujazila.

Deki ya kupiga kila eneo si itamaliza tabu zote?

Nunueni moja ya kutazamia hapo hapo maktaba. Lakini mwanachama akiazima diski, ataitia kwenye deki yake, si yenu.

Nasikia Blu-ray haichubuki?

Ina gamba gumu, mikwaruzo midogo inaistahamili. Ila data zake ziko milimita 0.1 tu chini ya uso. Za DVD ziko 0.6. DVD iliyochubuka huenda ikapigwa polishi ikapona. Blu-ray usijaribu.