Kuamsha seli T kwa seli za dendritiki: hatua ninazofuata

Seli T ni askari wa kinga ya mwili, na seli za dendritiki ndizo zinazozionyesha cha kushambulia. Mwezi uliopita nilikaa maabara na dada mmoja, seli T zake zimelala tu wiki ya pili, yuko tayari kumwaga kila kitu. Tatizo lake ndo lile lililonikuta mimi, utaliona hatua ya 4.

1. Tenga chembe nyeupe za damu kwa Ficoll, kimiminika kizito kinachotenganisha seli za damu zikizungushwa. Breki ya sentrifuji izime.

2. Toa monosaiti, chembe nyeupe zitakazogeuka kuwa seli za dendritiki. Wengine wanaziacha zishike kwenye plastiki, mimi natumia shanga za sumaku zinazonasa CD14, alama iliyo juu ya monosaiti, ni ghali kweli ila seli zinatoka safi.

3. Inkubeta, nyuzi 37, GM-CSF na IL-4 (protini za kuzigeuza monosaiti kuwa dendritiki changa), siku 5 au 6. Zitaachia chini na kuanza kuelea, usidhani zimekufa ukazimwaga.

4. Kukomaza. Hapa tulia. Seli ya dendritiki ikiwa changa haiamshi seli T, inaifundisha kuvumilia, yaani unapata kinyume kabisa, na sisi tunataka seli zitakazoishambulia saratani. Nilipoteza wiki 3 hapa, nikabadilisha peptaidi (kipande cha protini ambacho seli T zinafundishwa kukitambua), nikabadilisha mtoa damu, kumbe TNF-alfa yangu, protini ya kukomazia, ilikuwa imeyeyushwa na kugandishwa tena mara kibao hadi imeisha nguvu. Kwa hiyo siku ileile inapofika igawe kwenye vichupa vidogo vya kutumia mara moja. Mchanganyiko wangu ni TNF-alfa, IL-1 beta, IL-6 na PGE2, saa 24 hadi 48. PGE2 inapunguza IL-12, protini ambayo dendritiki hutoa kuzichochea seli T, ni kweli, lakini ndo inayoipa seli uwezo wa kuhamia kwenye tezi za limfu, kwa hiyo kama seli zitamrudia mgonjwa mimi siiachi. Kwenye hadubini utaona vimikono vyembamba vimetoka pande zote, inapendeza sana, ila macho yasikutoshe, pima kwa flo saitometa, mashine inayosoma alama za juu ya seli mojamoja: CD83 na CD86, alama za ukomavu, ziwe zimepanda, CD14 imeshuka. CD83 isipopanda usiendelee, nakuomba.

5. Weka peptaidi saa 2 au 3, osha.

6. Changanya na seli T za mtu yuleyule, dendritiki 1 kwa seli T 10. IL-2, protini inayozifanya seli T zizaliane, subiri siku ya 3, ukiiwahisha hata seli T zisizohusika zinaanza kuzaliana. Ukiona vishada kama vya zabibu ujue zimeshikana vizuri, usizivuruge kwa pipeti.

7. Siku ya 7 ziamshe tena kwa dendritiki mpya, halafu pima interferoni gama, protini ambayo seli T hutoa zikiamka, na lazima uwe na kishimo kimoja cha sahani ya seli chenye peptaidi isiyohusika, bila hicho hujui seli zimeitikia nini.