Namna ya kupata uzito sahihi wa risasi unapozamia kwa mtungi

Wazamiaji wengi hubeba risasi (vipande vya madini mazito vya kumsaidia mzamiaji kuzama) nyingi kuliko wanayohitaji, na taabu zao nyingi chini ya maji zinaanzia hapo: hewa inaisha mapema, miguu inaning'inia na kutibua mchanga, mwili haukai mahali pamoja. Ninafundisha kuzamia, na mwanafunzi akiniambia hawezi kutulia majini, cha kwanza ninachokagua ni mkanda wake wa uzito.

Unachotafuta ni uzito mdogo kabisa unaokuwezesha kutulia mita 5 chini ya maji mwishoni mwa mzamo, jaketi la kuelea likiwa tupu na mtungi ukikaribia kuisha. Nasema mwishoni kwa sababu hewa nayo ina uzito. Mtungi wa alumini wa lita 11 uliojazwa hadi baa 200 (baa ni kipimo cha shinikizo la hewa) una karibu kilo 2.6 za hewa. Ukifika baa 50, umeshavuta karibu kilo 2. Mtungi uleule ulioshuka nao ukizama sasa unataka kuelea, tena wakati ambapo unatakiwa kusimama dakika 3 kabla ya kupanda juu.

Hatua ya 1: Anza na makisio

Utasikia watu wakisema beba asilimia 10 ya uzito wa mwili. Hayo ni makisio ya vazi nene la kuzamia. Ukivaa vazi la milimita 3 kwenye maji ya joto, mara nyingi yatakuzidi. Neopreni, mpira unaotengenezea vazi hilo, imejaa vipovu vya gesi, kwa hiyo unene wa vazi una uzito zaidi katika hesabu kuliko kilo zako. Mtungi nao uangalie: wa chuma kwa kawaida hauelei sana kama wa alumini, basi risasi inapungua.

Hatua ya 2: Jipime juu ya maji

Hapa usifanye haraka. Vaa vifaa vyote, ingia mahali ambapo miguu haigusi chini, mwenzako awe karibu, na upumue kwa regulata, kifaa cha mdomoni kinacholeta hewa ya mtungi. Lowanisha vazi vizuri kwanza. Vazi kavu huficha hewa makwapani na mgongoni, likakudanganya. Kisha inua bomba la jaketi juu kabisa na utoe hewa yote. Wengi hubakiza kidogo nyuma ya bega bila kujua, kwa hiyo jiinamishe upande mmoja, ubonyeze tena kitufe cha kutolea hewa, usikilize kama bado inatoka.

Sasa kunja miguu, mguu mmoja juu ya mwingine. Usipofanya hivyo utapiga mapezi bila kujijua, na jaribio zima litaharibika. Vuta pumzi ya kawaida, uizuie kidogo. (Hili ni la juu ya maji tu, ukishazamia, usizuie pumzi kamwe.) Maji yanatakiwa yafike usawa wa macho. Toa pumzi yote polepole, usubiri: unatakiwa uzame taratibu.

Ukizama ungali na pumzi kifuani, punguza kilo 1. Ukitoa pumzi yote na kichwa bado kiko nje, ongeza kilo 1. Rudia mpaka ipatikane. Kama mtungi ulikuwa umejaa, ongeza kilo 2 baada ya hapo, kufidia hewa utakayovuta.

Hatua ya 3: Thibitisha kwenye mita 5

Mwishoni mwa mzamo, geji (kipimo cha hewa ya mtungi) ikisoma karibu baa 50, simama mita 5 na utoe hewa ya jaketi kidogo kidogo. Ukitulia kwa pumzi ya kawaida jaketi likiwa tupu, umepata. Ukilazimika kupiga mapezi ili usipande, ongeza kilo 1 mzamo ujao. Kama jaketi bado linahitaji hewa, punguza.

Usiichukulie kilo ya ziada kuwa akiba ya usalama. Kilo 3 zilizozidi zinadai lita 3 hivi za hewa ndani ya jaketi. Ukiwa mita 20 zitakusimamisha vizuri, lakini ukipanda hadi mita 10 hewa hiyohiyo inatanuka kuwa lita 4.5, inakubeba juu, na inabidi uitoe upesi. Mwenye uzito sahihi ana hewa kidogo ya kushughulikia, hivyo hupanda kwa utulivu.

Hatua ya 4: Gawa uzito, kisha andika

Miguu ikining'inia ilhali kilo ziko sawa, hamishia kipande kimoja juu, kwenye kamba ya mtungi. Lakini sehemu ya uzito ibaki mahali unapoweza kuifungua na kuidondosha kwa mkono mmoja ukipata dharura.

Andika kilo ulizobeba, unene wa vazi, aina ya mtungi na aina ya maji. Kimoja kikibadilika, jipime upya. Maji ya chumvi huinua zaidi kwa asilimia 2.5 hivi: mzamiaji ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 100 atapunguza karibu kilo 2.5 akitoka baharini kwenda ziwani.