Zanzibar kwa wikendi moja, angalia mwezi kabla hujakata tiketi

Kila nikikaa na watu hapa Dar swali ni lile lile, eti nina Jumamosi na Jumapili tu, niende Zanzibar au nitapoteza hela? Jibu langu ni kwamba inategemea vitu viwili, masaa utakayokaa mchangani na tarehe ya mwezi wa angani. Hicho cha pili watu wa bara wengi hatukiangalii kabisa, na ndicho kinachoharibu safari nyingi.

Anza na masaa. Boti inachukua kama masaa mawili, lakini bandarini inabidi ufike mapema, kuna kukaguliwa mizigo na kitambulisho, kwa hiyo hesabu matatu. Ukishuka bandari ya Malindi pale mjini Unguja bado hujafika bichi, Paje ni zaidi ya saa moja kwa gari na Nungwi ni kama kilomita 60 kutoka mjini. Ukipanda daladala, ile 116 ya Nungwi au 309 ya Paje na Jambiani, bei ni rahisi sana ila inasimama simama, ongeza saa nzima. Kwa hiyo aliyepanda boti ya asubuhi Jumamosi anaingia majini mchana, aliyepanda ya mchana anafika jua linazama, halafu Jumapili wote wawili lazima waanze kurudi mjini kwenye saa 7 mchana ili wawahi boti ya alasiri. Huyo wa pili kabakiwa na nini? Asubuhi moja. Na hapo ndipo bahari inapokuja na ratiba yake.

Mimi yalinikuta Paje. Tulifika jioni na mke wangu na mtoto, giza, tukala tukalala, hoteli walituambia tupo baharini kabisa na kweli tulikuwa tunasikia upepo. Asubuhi kwenye saa 3 mtoto kashavaa nguo za kuogelea, tunafungua mlango, bahari haipo. Mchanga mweupe, vidimbwi, na ule weupe wa mawimbi kwenye mwamba mbali huko, na katikati akinamama wameinama kwenye mashamba ya mwani, vijiti vimepangwa safu safu na kamba zimefungwa kutoka kijiti mpaka kijiti, mmoja anavuta gunia lililojaa nyuma yake kwenye maji ya kifundo cha mguu. Nikamkuta mzee mmoja amekaa kwenye ngalawa iliyolala ubavu, nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza maji yanarudi saa ngapi. Akanijibu kwa swali, "Mwanangu, kwani leo mwezi ngapi?" Sikujua. Akaniambia huu mwezi pili, yani siku ya pili tangu mwezi uandame, bamvua, maji utayaona alasiri. Alasiri sisi tulikuwa foleni ya boti. Mtoto alilia mpaka Kitogani, na hoteli hawakuwa wamesema neno hata moja wakati wanachukua hela yetu.

Basi tangu siku hiyo nafanya hivi. Naangalia kalenda ya Kiislamu, ile ya ukutani yenye tarehe zote mbili inatosha. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yani kwenye tarehe 1 na 15 hivi, ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Siku hizo yanakupwa kwenye saa 4 au 5 asubuhi, yanajaa kwenye saa 10 jioni. Ukifika kwenye tarehe 7, 8 au 22, 23 ni maji mafu, mambo yanageuka, asubuhi kwenye saa 4 yamejaa na jioni yanatoka, ila hayaendi mbali kama ya bamvua. Kila siku inayopita yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo siku za katikati unakadiria mwenyewe.

Sasa oanisha na masaa yako. Unataka pwani ya mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu, na una usiku mmoja? Chagua wikendi ya maji mafu, utaogelea Jumapili asubuhi mpaka uchoke. Ikiangukia bamvua na huwezi kubadilisha tarehe, panda boti ya kwanza Jumamosi uwahi yale maji ya jioni, na asubuhi yake tembea kule walikopanda mwani, pazuri mno, ila vaa viatu maana kuna urumba, wale viumbe wa baharini wenye miiba, na usikanyage kamba za watu, ile ni riziki yao. Ukiona huwezi yote hayo nenda kaskazini, Kendwa na Nungwi unaogelea karibu muda wote. Kuna watu wengi na bei imechangamka, na Kendwa wikendi ya mwezi mpevu kuna muziki mpaka asubuhi, mwenye watoto wadogo ajue.

Kama umekosa boti ya asubuhi, bichi achana nayo, lala Mji Mkongwe. Kwa usiku mmoja unatosha kabisa na mimi nadhani ndiyo safari fupi bora kuliko zote. Jioni Forodhani, shika bakuli la urojo wa moto, bhajia na kachori zimeanza kulainika na chipsi za muhogo juu bado zinalia, huku vijana wanaruka baharini kutoka ukutani. Asubuhi Darajani sokoni, kisha Mkunazini kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, pale usipite haraka haraka. Muda ukibaki vuka kisiwa cha Changuu ukaone makobe. Beit al Ajaib, lile jengo kubwa la kale, sehemu yake ilianguka Disemba 2020, ulizia kwanza kabla hujaipangia muda.

Mwezi wa Ramadhani mchana chakula mjini ni shida, na heshima inataka usile barabarani, ila usiku baada ya futari mji unapendeza. Masika, mwisho wa Machi mpaka Mei, mvua inaweza kukulaza ndani siku zote mbili, mimi wikendi moja siwezi kuicheza kamari hivyo. Upepo wa kusi ukikaza kwenye mwezi wa 6 na wa 7 boti inarushwa vibaya, kaa chini nyuma, usipande na njaa wala shibe.

Na kama unachotaka ni mchanga na kuogelea tu, hutaki mji wala historia, mtu wa Dar asijitese. Nenda Kunduchi asubuhi, panda boti ya kisiwa cha Mbudya, saa 4 uko majini na jioni uko kwako.