Ukipanda meli ya kitalii Mediterania

Mimi mtu wa Mikindani, bahari si ngeni kwangu, lakini safari niliyolipiwa na mwanangu ilinifunza mengine. Viza kwanza: kama meli inapitia Uturuki kisha inarudi Ugiriki, omba viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ya kuingia zaidi ya mara moja.

Fuata saa ya meli, usiiamini simu, maana inaweza kujibadilisha saa yenyewe. Civitavecchia, bandari ya kushukia ukienda Roma, hadi jijini ni kilomita 70 na ushei. Ukienda na ziara ya meli, basi likichelewa mtasubiriwa. Ukienda kivyako ukachelewa, utaiona meli ikiondoka kama kivuko cha Msangamkuu kwetu Mtwara, ila hii hairudi baada ya dakika chache.

Santorini, kisiwa cha Ugiriki, tuliikosa. Pale meli kubwa hutia nanga na abiria hushushwa kwa boti ndogo, na siku hiyo upepo wa kiangazi, meltemi, ulichafua bahari. Nahodha akatangaza, tukapita. Jirani yangu mezani alilia kabisa. Mimi nilifungua korosho zangu za nyumbani, nikaketi sitahani kuangalia zile nyumba nyeupe juu ya genge. Kusi, upepo wa kwetu, naijua, sibishani nayo.

Ziara iliyolipiwa melini nilirudishiwa pesa. Ya wakala wa nje, soma masharti kabla hujalipa.