Taa ya ngazini: achana na pawabenki

Kama ngazi za nyumba yenu ni zile za kikwetu hapa Lamu, nyembamba na giza hata mchana, weka LED moja nyeupe (kile kitaa kidogo kama punje, kisichokula umeme mwingi) kwenye kidaka cha ukutani iwake usiku kucha. Ila usiiunge kwa pawabenki. Nyingi zikiona umeme unaovutwa ni mdogo mno, hudhani simu imejaa, zikajizima. Mimi nililijua hilo nikiwa katikati ya ngazi, sinia mkononi.

Chukua betri tatu za tochi, zile nene za alkalaini, uzipange mfululizo, kichwa cha moja kwenye kitako cha nyingine, upate volti 4.5. LED nyeupe hutaka kama volti 3 tu, kwa hivyo tia rezista (kile kipande kidogo cha kuzuia umeme usipite mwingi) ya omu 330 njiani, la sivyo utaiunguza. Hapo inakula miliampia 4 hadi 5, na kwa kuona kipandio mwanga huo watosha kabisa. Betri nene hubeba miliampia-saa (kipimo cha akiba ya umeme) zipatazo 12,000: kwa saa 12 kila usiku, ni miezi sita na ushei. Zile nyembamba za saa ya ukutani zina kama 2,500, yaani mwezi mmoja na kitu. Ile ya mraba ya volti 9 wala usiiguse, bei juu na ndani mna kama 500 tu.

Halafu chumvi ya bahari. Vibati vya kushikia betri hushika kutu ya kijani upesi, basi vipake mafuta ya mgando, kidogo tu, kwa ncha ya kidole.