Kununua gitaa la klasiki la zamani la Kijapani ukiwa Arusha au Moshi

Gitaa la klasiki, yaani la nyuzi za nailoni, lililotengenezwa Japani kati ya miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1980 linamfaa sana mpigaji anayetaka sauti ya mbao halisi lakini hana fedha za kuagiza chombo kipya kilichotengenezwa kwa mkono. Wajapani walilipokea gitaa hili kwa bidii kubwa. Andrés Segovia, mpigaji mashuhuri wa Hispania, alipiga nchini humo mwaka 1929, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia wanafunzi waliongezeka kiasi kwamba karakana na viwanda vya Tokyo, Nagoya, Gifu, Nagano na Hamamatsu vilitengeneza magitaa ya kila hadhi, kuanzia ya plaiwudi kwa wanaoanza hadi yale yanayofaa jukwaa kubwa. Kwa kuwa yalitengenezwa mengi, hadi leo bei zake kwa kawaida huwa chini ya zile za magitaa ya Hispania yenye ubora unaokaribiana.

Hata hivyo, mnunuzi wa Arusha au Moshi hawezi kufuata moja kwa moja ushauri ulioandikwa kwa ajili ya mtu wa Tokyo au Madrid, ambako gitaa lenye kasoro hupelekwa kwa fundi wa mtaa wa pili. Kwetu maseremala hodari hawakosekani, lakini fundi aliyezoea kufungua gitaa la klasiki, kulinyoosha na kulifunga tena ni nadra. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni nani aliyelitengeneza, uliza ni kasoro zipi zinazoweza kurekebishwa hapa hapa na zipi zitakazobaki na gitaa maisha yake yote. Kasoro za kundi la kwanza zitumie kupunguza bei. Ukikuta ya kundi la pili, liache gitaa hilo hata kama lebo yake inang'aa.

Anza na shingo. Gitaa la klasiki la enzi hizo kwa kawaida halina chuma cha kurekebishia shingo kama kile kilichomo katika magitaa ya nyuzi za chuma, na mengi yalijengwa kwa mtindo wa Kihispania, ambapo shingo na mwili ni kitu kimoja na haviachanishwi kwa urahisi. Shingo ikishapinda kwa kuvutwa na nyuzi miaka arobaini, hakuna skrubu ya kukaza. Shika gitaa kama mtu anayelenga bunduki, uangalie kutoka kichwani kuelekea kwenye daraja, yaani kipande cha mbao kinachoshika nyuzi juu ya uso, kwanza upande wa nyuzi nene, kisha upande wa nyuzi nyembamba. Halafu bonyeza uzi wa sita, ule mnene kabisa, kwenye freti ya kwanza (freti ni vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo) na, kwa mkono mwingine, kwenye freti ya 12. Katikati, karibu na freti ya sita, panapaswa kubaki nafasi ndogo sana, isiyozidi takriban nusu milimita. Nafasi ya milimita moja au zaidi ni dalili ya shingo iliyokubali kupinda, na muuzaji akikuambia kwamba ukilegeza nyuzi kwa wiki moja itarudi, mshukuru na uendelee na safari yako.

Baada ya shingo, pima kimo cha nyuzi, yaani umbali kutoka juu ya freti ya 12 hadi chini ya uzi. Kwa gitaa la klasiki, milimita 3 kwenye uzi mwembamba kabisa na milimita 4 kwenye uzi mnene kabisa ni kipimo cha kawaida, na magitaa mengi ya zamani yatakuwa juu ya hapo. Kimo kikubwa peke yake hakitoshi kukufanya ulikatae gitaa, kwa kuwa kinaweza kupunguzwa kwa kusugua mfupa wa daraja, yaani kile kipande cheupe ambacho nyuzi zinapita juu yake. Kinachoamua ni hesabu ambayo wanunuzi wengi hawaifanyi: freti ya 12 iko katikati ya urefu wa uzi, hivyo ili kimo kipungue milimita 1 pale, mfupa wa daraja lazima upunguzwe milimita 2. Tuseme umepima milimita 5 kwenye uzi wa sita na unataka 4. Utahitaji kuondoa milimita 2 za mfupa. Ukitazama daraja ukakuta mfupa umechomoza milimita 2 tu juu ya mbao, maana yake hakuna cha kusugua, kwa sababu ukiumaliza, nyuzi zitalalia daraja na sauti itakufa. Mfupa uliochomoza milimita 4 au 5 unakupa nafasi ya kufanya kazi, na kazi hiyo fundi yeyote makini mwenye msasa, rula na kipande cha kioo bapa anaiweza. Kwa maoni yangu, vipimo hivi viwili, kimo cha nyuzi na mfupa uliobaki, vina thamani kuliko jina lolote lililoandikwa ndani ya tundu la sauti.

Sehemu ya tatu ni daraja na uso wa gitaa, na hapa lazima tuzungumzie tabia iliyoenea katika miji yetu. Nyuzi zinazopatikana kwa urahisi madukani ni za chuma, na magitaa mengi ya klasiki yamewahi kufungwa nyuzi hizo na watu wasiojua madhara yake. Seti ya nyuzi za nailoni huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 35 hadi 40, ilhali za chuma hufikia mara mbili ya hapo, na vifito vyembamba vilivyogandishwa chini ya uso wa gitaa la klasiki havikuwekwa ili kubeba mzigo huo. Dalili ni daraja lililoinuka nyuma, uso uliovimba nyuma ya daraja na kudidimia mbele yake, na mikwaruzo kwenye mihimili myeupe ya mashine za kukazia nyuzi. Chukua karatasi nyembamba ujaribu kuipenyeza chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Ikiingia, gundi imeanza kuachia. Daraja lililoachia bila kuvunja uso linaweza kugandishwa upya na seremala mwangalifu, mradi asafishe gundi ya zamani na asitumie ile gundi ya matone inayokauka papo hapo. Uso uliodidimia haurekebishwi kwa njia hiyo. Uvimbe mdogo sana nyuma ya daraja, kwa upande mwingine, ni wa kawaida kwa gitaa lililopigwa kwa miaka mingi na usikutishe.

Kisha gonga kwa ncha ya kidole kila sehemu ya uso na mgongo, ukisikiliza mlio wa kutetema unaoonyesha kifito kilichoachia. Tafuta nyufa, hasa zinazofuata mkondo wa mbao. Ufa uliozibwa vizuri na kuwekewa vipande vya mbao kwa ndani ni kovu tu. Ufa ulio wazi uingize kwenye hesabu ya bei. Mwisho, tumia programu ya simu ya kulinganisha sauti: piga uzi ukiugusa tu juu ya freti ya 12, kisha ukiubonyeza hapo hapo, na sauti hizo mbili zikitofautiana kwa kiasi kinachosikika hata baada ya kufunga nyuzi mpya, gitaa hilo litakusumbua katika nyimbo zote. Mashine za kukazia nyuzi zilizochoka zisikuzuie kununua, ila kabla ya kuagiza mpya pima umbali kati ya mhimili na mhimili. Kipimo cha sasa ni milimita 35, na magitaa ya zamani hayakukifuata daima.

Kuhusu mbao, tofauti kubwa ni kati ya uso wa ubao halisi usio na matabaka na uso wa plaiwudi. Angalia ukingo wa tundu la sauti: mistari ya uso ikiendelea kushuka ndani ya unene wa ubao, huo ni ubao halisi, na ukiona matabaka, ni plaiwudi. Mgongo na mbavu za plaiwudi zilitumika hata kwenye magitaa mazuri ya Kijapani ya hadhi ya kati, na zinastahimili ukavu vizuri kuliko mbao halisi, jambo ambalo kwa hali ya hewa yetu ni faida.

Sasa lebo. Masaru Kohno wa Tokyo, aliyejifunza Hispania na kushinda mashindano ya watengenezaji huko Ubelgiji mwaka 1967, ndiye anayetajwa zaidi, na mpwa wake Masaki Sakurai aliendeleza karakana. Namba za modeli za Kohno, kama 10 au 30, zilianza kama bei iliyohesabiwa kwa yeni elfu kumi kumi (10 ni yeni 100,000), na watengenezaji wengine kama Ryoji Matsuoka walifuata desturi inayofanana, hivyo namba kubwa zaidi ya mtengenezaji huyo huyo na kipindi kile kile kwa kawaida ni gitaa la hadhi ya juu zaidi. Magitaa ya K. Yairi ya miaka ya 1970 yanaweza kuwa na mhuri ndani unaofuata kalenda ya mfalme wa Japani: ongeza 1925 kwenye tarakimu mbili za mwanzo, na mhuri unaoanza na 52 utakupa mwaka 1977. Kwa Yamaha, jina Nippon Gakki kwenye lebo linaonyesha gitaa la kabla ya 1987, wakati kampuni ilipobadilisha jina, lakini halithibitishi kwamba limetoka Japani, kwa kuwa mengi ya mfululizo wa G yalitengenezwa Taiwani na lebo yenyewe husema hivyo. Si mabaya. Yasilipiwe tu bei ya Japani.

Unaweza kuyapata wapi? Kwenye masoko ya mitumba kama Kiborloni na Memorial pale Moshi gitaa hutokea kwa bahati, na muuzaji hajui ni nini, jambo linaloweza kukufaa au kukuponza. Njia bora zaidi kwa maoni yangu ni wageni wanaomaliza mikataba na kuondoka, ambao katika miji hii hawakosekani. Arusha ina Jumuiya ya Afrika Mashariki na mashirika mengi, na Wajapani wamekuwa wakifanya kazi za maendeleo mkoani Kilimanjaro kwa miongo kadhaa, kwa mfano katika umwagiliaji wa mpunga wa Lower Moshi. Waulize walimu wa kwaya na walimu wa muziki pia. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kilichopo Usa River, hufundisha muziki, na watu wa aina hiyo husikia mapema gitaa gani linauzwa.

Ukiagiza mtandaoni kutoka Japani kupitia wakala wa minada, usiridhike na picha za mbele na nyuma. Omba picha ya rula ikiwa imesimama kwenye freti ya 12, picha ya mfupa wa daraja kutoka ubavuni, picha ya shingo kutoka kichwani, na ya lebo. Kwenye matangazo ya Kijapani kimo cha nyuzi huandikwa 弦高, na kitu kilichoorodheshwa kama janku huuzwa bila dhamana yoyote. Uliza pia urefu wa uzi kutoka kichwani hadi kwenye daraja: milimita 650 ndicho kipimo cha kawaida, lakini mengi ya zamani yana 660 au zaidi, na mwenye vidole vifupi atayaona magumu. Kuhusu mbao za rozwudi, mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu mwisho wa 2019 hauhitaji vibali kwa vyombo vya muziki vilivyokamilika, isipokuwa kwa ile ya Brazili, ambayo Wajapani huiita hakaranda na haina uhusiano na mijakaranda inayomwaga maua barabarani Arusha. Tangazo likilisifia gitaa kwa hakaranda, acha, usije ukazuiliwa forodhani. Kwenye bei ongeza usafirishaji, ushuru na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na upate makadirio ya wakala wa forodha kabla ya kulipa.

Dai kasha gumu, nyuzi zilegezwe kidogo, na kichwa kiwekewe kitu laini chini yake, kwa kuwa shingo nyingi huvunjika hapo. Likifika Dar es Salaam, usilitumbukize kwenye buti la basi, ambako joto hulegeza gundi. Panda nalo ndani hata ikibidi kulipia kiti. Likifika nyumbani, liache ndani ya kasha kwa siku moja kabla ya kulifungua. Unyevu unaolifaa ni asilimia 45 hadi 55, na gitaa lililozoea majira ya joto yenye unyevu ya Japani huteseka katika miezi yetu ya ukavu, kwa hiyo nunua kipima unyevu na uweke ndani ya kasha sponji iliyokamuliwa vizuri ndani ya kisahani cha sabuni chenye matundu, isiguse mbao.

Funga nyuzi mpya za nailoni za mkazo wa kawaida na upige kwa wiki mbili bila kugusa kitu kingine. Ndipo upime tena kimo cha nyuzi, na kama bado kiko juu, mpelekee fundi gitaa pamoja na vipimo ulivyoandika, umwambie asugue mfupa kwa upande wa chini, kidogo kidogo, akipima baada ya kila mara.