Somo: Kupima nguvu ya ADA ya binadamu kwenye joto la Dar

ADA, yaani adenosini diaminasi, ni kimeng'enya kinachogeuza adenosini kuwa inosini na kuachia amonia. Inosini hufyonza mwanga wa nanomita 265 kidogo kuliko adenosini, kwa hiyo tunachofuatilia ni usomaji unaoshuka kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga uliofyonzwa. ADA hii ya rekombinanti (iliyotengenezwa kwa kuhamisha jeni) ni ya maabara tu, haichomwi mtu.

1. Zungusha kichupa cha ADA kwenye sentrifuji sekunde 30 kabla ya kukifungua, maana tone lote laweza kuwa limeng'ang'ania kifunikoni. Gawa mikrolita 10 kila kichupa, juu ya barafu. Kilichoyeyushwa hakirudishwi kugandishwa. Friza inayojiyeyushia barafu yenyewe haifai, hupandisha na kushusha joto kila siku. Umeme ukikatika, usiifungue "kuangalia tu".

2. Bafa, yaani maji yanayoshikilia pH isibadilike, ni fosfeti ya milimola 50, pH 7.4. Adenosini: miligramu 26.7 katika mililita 10 za maji, unapata milimola 10. Ikigoma kuyeyuka, ipashe kwa maji ya uvuguvugu.

3. Tumia kyuveti (kichupa cha kusomea mwanga) ya kwatzi. Plastiki ya kawaida huzuia mwanga huu. Tia bafa mikrolita 980 na adenosini 10, subiri ifike nyuzi 37. (Kupima kwa 25 bila kidhibiti joto, mwezi wa Februari, ni kujidanganya.) Usomaji uwe karibu 1.3. Ongeza mikrolita 10 za kimeng'enya chenye mikrogramu 5 kwa mililita, pindua taratibu mara tatu, soma kila sekunde 10 kwa dakika 3.

4. Chukua mteremko wa mwanzo ulionyooka, toa ule wa kyuveti isiyo na kimeng'enya, gawa kwa 8.1, ambayo ni tofauti ya usomaji kati ya adenosini na inosini kwa kila milimola. Ukishuka 0.081 kwa dakika kwenye mililita 1, una yuniti 0.01 (yuniti moja hugeuza mikromoli 1 kwa dakika). Kimeng'enya ulichotia ni nanogramu 50, hivyo ni yuniti 200 kwa miligramu.

Maswali

*Mkuu, usomaji wangu unaruka juu badala ya kushuka.*
Kyuveti imetoka kwenye friji? Unyevu wa hapa huifunika ukungu papo hapo. Iache ipate joto, ifute kwa karatasi laini, kisha kagua viputo.

*Kimeng'enya hiki kina zinki. Niongeze zinki kwenye bafa?*
Hapana. Itashikana na fosfeti na kufanya uchafu mweupe unaopandisha usomaji. EDTA, kemikali inayonyakua metali, nayo usitie.

*Mstari unanyooka sekunde 20 tu, halafu unalala.*
Umetia kimeng'enya kingi, adenosini imekwisha. Punguza mara kumi. Ukilala karibu na 0.5, ndio hilo.

*Naweza kuitumia kama kontroli (sampuli ya kulinganishia) ya maji yanayojaa kuzunguka pafu la wagonjwa wa TB?*
Kuhakiki mashine, sawa. Ila ADA ya maji hayo kwa TB kwa sehemu kubwa ni ADA2, aina nyingine ya kimeng'enya hiki, na hii yetu ni ADA1. ADA2 huhitaji adenosini nyingi mno kuliko mikromola 100 za hapa, kwa hiyo kwa kipimo hiki utaiona hafifu.